Matembezi ya Kwenda Ndege Ilipoanguka: Ondokeni na Majina, Acheni Vyuma

Mada kwa vikundi vya matembezi, waongoza watalii, walimu na vijana wa Kaunti ya Kilifi



Matembezi ya vikundi yameshika kasi pwani. Jumamosi asubuhi, vijana wa Malindi, Watamu, Kilifi na Mtwapa hukusanyika na chupa za maji na kofia, wakaingia msituni au wakafuata ufuo. Wengine huenda kuona ndege wa Arabuko-Sokoke, wengine magofu ya Gede na Mnarani. Na sasa wapo wanaouliza habari za mahali ambapo ndege za zamani zilianguka.

Swali hilo ni jema. Lakini mahali ndege ilipoanguka si kama maporomoko ya maji au kilima cha kupigia picha. Hapo kwanza ni mahali mtu alipofia. Anayekwenda anastahili kujua anakwenda kwa nani, aende vipi, na arudi na nini.

Mfano ulio karibu na Kilifi ni ajali iliyotokea Voi tarehe 14 Mei 1931. Voi iko Kaunti ya Taita Taveta, lakini sehemu ya kisa hiki inaanzia Takaungu.

Takaungu ni mji wa zamani ulio kwenye mlango wa bahari, kusini ya mji wa Kilifi. Baada ya Seyyid Said kuiteka Mombasa mwaka 1837, sehemu ya akina Mazrui walihamia hapo. Karibu karne moja baadaye, Mwingereza mmoja aitwaye Denys Finch Hatton alipata kipande cha ardhi karibu na mlango huo akajenga nyumba ndogo inayotazama bahari. Alikuwa mwana wa ukoo wa kitajiri wa Uingereza, na kazi yake hapa Kenya ilikuwa kuwaongoza wageni kwenye safari za uwindaji. Mwaka 1928, na tena mwaka 1930, alimwongoza mwana wa mfalme wa Uingereza, Edward, ambaye baadaye alikuwa mfalme.

Mwaka 1930 Finch Hatton alinunua ndege ndogo aina ya Gipsy Moth. Ilikuwa na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, vyote wazi juu kama mtumbwi. Mabawa yake yalivikwa kitambaa. Alitaka kuitumia kutafuta makundi ya ndovu kutoka angani, jambo lililokuwa jipya katika biashara ya safari wakati ule.

Mwezi wa Mei 1931 alishuka pwani kwa ndege hiyo. Walioandika maisha yake wanaeleza kwamba alipotua huku, jiwe la tumbawe liliharibu rafadha, yaani lile panga la mbele linaloivuta ndege, ikabidi apelekewe nyingine kutoka Nairobi. Kisha akaruka kwenda Voi kutazama ndovu. Asubuhi ya tarehe 14, ndege ilipaa kutoka Voi, ikazunguka juu ya uwanja, halafu ikaanguka ghafla na kushika moto. Hakutoka mtu hai.

Mwandishi Karen Blixen, aliyekuwa mpenzi wake, aliiandika habari ya msiba huo katika kitabu chake *Out of Africa* cha mwaka 1937. Humo aliitaja pia nyumba ya Takaungu. Beryl Markham, rubani ambaye mwaka 1936 alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada, naye aliandika kwamba alialikwa kwenye safari ile ya Voi, lakini rubani mwenzake Tom Campbell Black akamsihi asiende. Mwaka 1985 ikatoka filamu yenye jina la kitabu cha Blixen, na hadi leo watalii huja Kenya kwa sababu yake. Finch Hatton alizikwa kwenye vilima vya Ngong, na ndugu yake akamjengea mnara wa mawe juu ya kaburi.

Lakini ndege ile ilikuwa na viti viwili, na siku ile vyote viwili vilikuwa na watu.

Aliyekaa kwenye kiti cha pili aliitwa Kamau. Alikuwa mfanyakazi wa Finch Hatton, Mkikuyu. Vitabu vingi humtaja kwa nusu sentensi, kisha vikaendelea na habari za tajiri wake. Jina lake limeandikwa moja tu, bila la baba wala la kijiji. Kwa mkazi wa Kilifi, hiyo ni sawa na mtu kusema kwamba aliyekufa aliitwa Charo au Kahindi. Charo wa nani? Kahindi wa wapi? Jina kama hilo, likiwa peke yake, halimfikishi mtu mlangoni kwa wenye msiba.

Hapa ndipo kikundi cha matembezi kinapokuwa na kazi ya kufanya. Kiongozi akisimama mbele ya wageni Takaungu au Voi akasema, "Hapa ndipo kisa cha Finch Hatton kilipoanzia," au "hapa ndipo kilipoishia," amesema kweli nusu. Akisema, "Watu wawili walikufa, Denys Finch Hatton na Kamau," amesema kweli kamili, na imemgharimu neno moja la ziada. Anayekufa akiwa kazini kwa mtu mwingine amekufa sawasawa na mwenye mali.

Pwani hii ina kumbukumbu nyingine ya ndege, na hii ni ya Malindi yenyewe. Mwezi wa Juni 1940 Italia iliingia katika Vita vya Pili vya Dunia. Wakati huo Waitalia walitawala Somalia na Ethiopia, kwa hiyo pwani ya kaskazini ya Kenya ikawa karibu na mstari wa vita. Mwezi wa Oktoba 1940 ndege za kivita za Italia zilifika Malindi zikadondosha mabomu. Miezi michache baadaye, Februari 1941, majeshi ya Uingereza na makoloni yake, wakiwemo askari Waafrika wengi, yalivuka mpaka na kuzitwaa Kismayu na Mogadishu.

Mambo yaligeuka baada ya hapo. Waitalia walirudi Malindi wakiwa wageni wa amani, wakajenga hoteli na nyumba za kuishi. Ngomeni wakaweka kituo cha kurushia vyombo vya angani, na tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ikarushwa kutoka hapo, siku ya sikukuu ya Kenya. Watoto wa Malindi leo wanajua Kiitaliano cha sokoni, lakini wengi hawajawahi kusikia kwamba kuna siku mji wao ulipigwa mabomu.

Mtoto aliyekuwa na miaka 8 wakati mabomu yalipoanguka sasa amepita miaka 90. Wenye umri huo wamebaki wachache, na kila msimu wanapungua. Alama ya bomu ardhini hufukiwa na mvua na majengo, lakini mzee anaweza kusema bado ni shamba la nani lililopigwa, watu walikimbilia wapi na nani hakurudi nyumbani. Kikundi kinachotaka kutembea kwa ajili ya historia kianze kwa mzee huyo kabla ya kuanza safari ya porini. Simu ya mkononi inatosha kurekodi sauti yake, kwa idhini yake na ya watu wa nyumbani kwake. Nakala ipelekwe shuleni au maktaba, isibaki kwenye simu ya mtu mmoja.

Kuna jambo jingine, na hili halitaki kuzungumzwa kwa haraka. Januari 2025 ndege ndogo ilianguka Kwachocha, Malindi, kando ya barabara, na watu waliokuwa chini wakapoteza maisha. Hawakuwa abiria. Walikuwa kwenye shughuli zao za kila siku. Familia zao ziko hapa hapa, na pengine wengine wao wataisoma hotuba hii. Mahali kama hapo si pa kupeleka kundi la wageni kupiga picha. Mahali pa msiba huwa pa historia baada ya muda mrefu, na hata hapo, wenye msiba ndio wa kwanza kuulizwa. Kikundi kinachopita Kwachocha kinaweza kunyamaza kidogo na kuendelea na njia yake. Inatosha.

Sasa, mtu aende vipi?

Wakazi wa Kilifi hawahitaji kwenda mbali kutafuta kanuni. Wanazo tayari kwenye kaya. Misitu ya kaya za Mijikenda iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini kabla ya UNESCO ilikuwa imelindwa na wazee kwa karne nyingi, kwa masharti machache tu. Mgeni haingii bila ruhusa ya wazee. Huongozwa na mwenyeji. Anapoambiwa avue viatu, huvua. Hakati mti, haokoti kitu, hapigi kelele. Akitoka, msitu unabaki ulivyokuwa.

Anayeijua adabu ya kaya anajua tayari namna ya kwenda mahali ndege ilipoanguka. Kwa matumizi ya kila siku, adabu hiyo inaweza kupangwa hivi.

La kwanza ni ruhusa. Ardhi nyingi ya Kilifi ni ya watu binafsi, ya jamii, au ni msitu wa serikali. Kikundi kimweleze mwenye shamba, mzee wa kijiji na chifu kabla ya siku ya safari, wala si asubuhi ile ile. Arabuko-Sokoke ni msitu wa takriban kilomita mraba 420, na ndani mna ndovu. Huko mtu huingia kwa kupitia vituo vya msitu, akiwa na mwongozaji anayejua njia. Kikundi cha Malindi kinachotaka kufika Voi kinaweza kupita Lango Baya na kufuata barabara ya mto Sabaki hadi lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki. Lakini ndani ya mbuga hakuna kushuka kwenye gari na kuanza kutembea bila ruhusa ya KWS na bila askari wao. Simba hajui kwamba umekuja kwa ajili ya historia.

La pili ni msimu. Mvua ya masika hunyesha sana mwezi wa Aprili na Mei, na barabara za udongo hukatika. Kati ya Januari na Machi jua ni kali, na watu huishiwa nguvu haraka. Miezi ya baridi, kuanzia Julai hadi Septemba, ndiyo myepesi zaidi kwa miguu. Hata hivyo, anzeni alfajiri mmalize kabla ya saa tano.

La tatu ni mwili. Suruali ndefu na viatu vilivyofunga mguu si mapambo. Vichaka vya pwani vina upupu, na aliyeguswa na upupu hasahau. Kifutu hulala kwenye majani makavu akafanana nayo, wala hakimbii akisikia hatua. Kila mtu abebe maji yake mwenyewe. Mmoja awe na sanduku la huduma ya kwanza, na mwingine abaki nyumbani akijua kikundi kimekwenda wapi na kitarudi saa ngapi. Anayetembea polepole ndiye apewe nafasi ya mbele, kwa maana kundi huachana pale wenye nguvu wanapotangulia.

La nne ni macho. Anayetarajia kukuta ndege nzima imelala kichakani, kama kwenye filamu, atavunjika moyo. Ndege za miaka ya 1930 zilikuwa na mbao na kitambaa kwa wingi, na moto na mchwa havibakishi hivyo. Kinachoweza kudumu ni chuma cha injini, waya na vifungo. Mara nyingi hakuna chochote isipokuwa ardhi yenyewe. Kwa hiyo mwongozaji aandae kisa mapema: uwanja ulikuwa upande gani, ndege ilitoka wapi, waliokuwemo ni nani. Msikilizaji akielewa hayo, hata nyasi tupu zina kitu cha kumwambia.

La tano ni mikono, na hili ndilo gumu kuliko yote. Chuma cha ndege ya zamani kina soko. Mwenye duka la vyuma chakavu hulipa kwa kilo, na kilo hazina historia. Yupo pia mgeni atakayetaka kipande kidogo tu cha kumbukumbu. Lakini kipande kikiondoka mahali pake kinapoteza maana, kwa sababu wanaochunguza ajali husoma jinsi vipande vilivyotawanyika. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 haiangalii vitu vya kale tu. Inatambua pia vitu vyenye thamani ya kihistoria. Anayegundua mnara wa kale au kitu cha kiakiolojia anatakiwa na sheria hiyo kutoa taarifa ndani ya siku 7. Kwa mabaki ya ndege, njia salama ni ile ile: piga picha bila kugusa, andika mahali, kisha wapelekee habari maafisa wa Makumbusho ya Kitaifa walio Malindi au Gede.

Vitu viwili havina mjadala. Kinachofanana na bomu au risasi, hata kikiwa na kutu ya miaka 80, hakiguswi, hakipigwi teke, hakichimbwi. Rudini nyuma kwa njia mliyojia na mwite polisi. Na ndege iliyoanguka karibuni ni mali ya uchunguzi. Wapo wachunguzi wa serikali wa ajali za ndege, na kila kipande kinachookotwa na mpita njia ni jibu ambalo familia ya marehemu haitalipata.

Kilifi inao ushahidi kwamba njia hii inalipa. Wavuvi wa Ngomeni walijua habari za mabaki ya jahazi la kale chini ya bahari kabla ya wataalamu kufika. Sasa Makumbusho ya Kitaifa na wenzao wa nje wanayachunguza, na watafiti wanasema huenda ni meli ya Kireno ya karne ya 16, ya wakati wa safari za Vasco da Gama. Vitu vile vingekuwa vimeng'olewa na kuuzwa kipande kimoja kimoja, pesa zingeisha wiki ile ile na Ngomeni isingekuwa na cha kusimulia. Gede nayo, ambayo watoto wa vijiji vya jirani walizoea kuipita wakienda shule, mwaka 2024 imeingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mawe yake yaliachwa mahali pake, na sasa yanawapa kazi vijana wanaoongoza wageni.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona ikiwa mgeni amekuja na gari lake, mwongozaji wake na chakula chake, akapita kijijini kwa vumbi. Kikundi kichukue mwongozaji wa hapo. Kinunue madafu na mahamri hapo. Kikipita Takaungu, kiulize habari za mji wote, za akina Mazrui, za wavuvi na mashamba, kisiulize habari za nyumba moja ya Mwingereza mmoja. Bibi anayekaanga samaki kando ya njia huenda akawa na habari ambayo haimo kwenye kitabu chochote.

Walimu nao wana nafasi yao. Mwanafunzi aliyetembea kilomita tatu kwenda kusikiliza kisa hukikumbuka kuliko aliyekisoma ubaoni. Mpeni kazi moja ya kurudi nayo: aandike jina la kila mtu aliyetajwa siku ile, mkubwa na mdogo, mwenye ndege na aliyekaa kiti cha pili, rubani na aliyekuwa akilima chini. Pale ambapo jina halikutajwa, aandike kazi aliyokuwa akiifanya mtu huyo, na siku nyingine aulize tena.

Wageni wataendelea kuja kwa ajili ya filamu na vitabu, na wapokelewe vizuri. Lakini mwenyeji ndiye anayesimulia, na anayesimulia ndiye anayeamua ni nani atakumbukwa. Kikundi kikifika Takaungu asubuhi moja, bahari ikiwa imekupwa, kiongozi awaambie watu wake wakae chini, wanywe maji, kisha ataje majina yote mawili.